Bromokriptini au kabergolini? Kuchagua dawa inayoshika nafasi ya dopamini kwenye tezi ya pituitari

Homoni nyingi za tezi ya pituitari husubiri amri ndipo zitoke, lakini prolaktini, homoni inayochochea utengenezaji wa maziwa, hutoka yenyewe mpaka izuiwe. Tofauti hiyo moja ndiyo inayoeleza kwa nini mtu ambaye prolaktini yake imepanda hutibiwa kwa dawa inayoiga dopamini, kemikali ya ubongo inayoizuia, na ndiyo inayopaswa kumwongoza yule anayeketi mbele ya daktari akiambiwa achague kati ya bromokriptini na kabergolini. Dawa hizi mbili hubeba ujumbe uleule kwenda kwenye seli zilezile. Zinatofautiana katika muda ambao ujumbe huo unadumu, na katika sehemu nyingine za mwili ambako unasikika bila kukusudiwa.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mgonjwa, ndugu anayemsindikiza, na mhudumu wa afya anayetaka kuelewa sababu zilizo nyuma ya karatasi ya dawa. Dozi zinazotajwa humu zinaonyesha jinsi dawa zinavyofanya kazi. Dozi ya mtu fulani hupangwa na daktari aliyeona majibu ya vipimo vyake.

Ubongo unavyozungumza na pituitari

Pituitari ni tezi ndogo kama punje ya njegere, yenye uzito wa takriban nusu gramu, iliyokaa katika kibonde cha mfupa chini ya ubongo na kushikwa na kikonyo chembamba kinachoiunganisha na haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu yake. Sehemu yake ya nyuma ni mwendelezo wa neva zenyewe za haipothalamasi, na humo oksitosini na vasopresini humwagwa moja kwa moja kwenye damu. Sehemu ya mbele hupata maelekezo kwa njia nyingine: kuna mishipa midogo ya damu inayoshuka kwenye kikonyo, ikibeba homoni-amri kutoka haipothalamasi hadi kwenye seli za tezi. Homoni-amri ya kwanza kujulikana muundo wake, ile inayoamsha homoni ya thairoidi, ilifumbuliwa mwaka 1969, na kazi hiyo iliwapatia Roger Guillemin na Andrew Schally sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1977.

Nyurotransmita, yaani kemikali ambazo neva hutumia kupashana habari, huingia hatua moja kabla ya hapo. Kwa kawaida haziigusi pituitari. Huzichochea au kuzituliza neva za haipothalamasi zinazotengeneza homoni-amri. Noradrenalini, kwa mfano, huchochea njia ya homoni ya ukuaji, na ndiyo maana klonidini, dawa inayojulikana zaidi kwa kushusha shinikizo la damu na ambayo hugusa vipokezi (sehemu za seli zinazopokea ujumbe) vya noradrenalini, hutumiwa pia kupima kama mwili wa mtoto mfupi unaweza kutoa homoni hiyo. Serotonini huichochea njia ya kotisoli, homoni ya msongo, na pia huisukuma prolaktini juu, ingawa huifikia kwa kuzunguka. Asetilikolini huinua homoni ya ukuaji kwa kumnyamazisha mzuiaji wake, somatostatini. Kemikali za ubongo zinazofanana na afyuni hupunguza amri ya homoni za uzazi, na hilo huonekana waziwazi kwa watu wanaotumia dawa kali za maumivu kwa muda mrefu: wanaume hupungukiwa na testosteroni, na wanawake wengine hukosa hedhi.

Dopamini ndiyo inayovunja utaratibu huo. Kuna neva katika sehemu ya chini ya haipothalamasi ambazo humwaga dopamini ndani ya mishipa ya kikonyo, kwa hiyo nyurotransmita yenyewe hugeuka kuwa homoni na kusafiri kwa damu hadi kwenye seli zinazotengeneza prolaktini. Huko hushika vipokezi vinavyoitwa D2. Kipokezi kikishikwa, milango ya potasiamu hufunguka, kalsiamu inayoingia kwenye seli hupungua, na kemikali ya ndani ya seli inayochochea utengenezaji wa prolaktini hushuka. Seli hutulia, na ikikaa katika hali hiyo kwa wiki na miezi, husinyaa. Prolaktini nayo inapoongezeka hurudi kwenye haipothalamasi na kuzichochea neva hizo ziongeze dopamini, kwa hiyo mfumo huo una breki inayojirekebisha.

Uthibitisho mzuri wa jambo hili ni ule wa kikonyo chenyewe. Kikikatwa, au kikibanwa na uvimbe wowote unaokua karibu yake, homoni nyingine za sehemu ya mbele hupungua kwa kukosa amri, ilhali prolaktini hupanda kwa kukosa kizuizi. Mtu asiyejua kanuni hii anaweza kuona prolaktini ya juu kwenye karatasi ya maabara na kudhani kuwa uvimbe unaoonekana kwenye picha ndio unaoitengeneza, kumbe uvimbe huo umeziba tu njia ya dopamini.

Kuna jambo lingine la kulishika, kwa sababu litarudi mara mbili huko mbele: pituitari iko nje ya kizuizi kinachotenganisha damu na ubongo. Kemikali isiyoweza kupenya ndani ya ubongo huifikia tezi hii bila shida. Ndiyo maana dopamini inayopewa kwa dripu mgonjwa mahututi, ambayo haipenyi kwenye ubongo, hushusha prolaktini yake na hata homoni inayochochea thairoidi.

Kabla ya kuchagua, uliza nani ameiondoa dopamini

Naliweka hili mbele ya ulinganisho kwa sababu linanigusa. Inasikitisha mtu kuanzishiwa dawa ya kuiga dopamini huku kila asubuhi anameza dawa nyingine inayoizuia dopamini hiyohiyo.

Dawa zinazoziba vipokezi vya D2 ni nyingi na zinatumika sana. Metoklopramidi na domperidoni hutolewa kwa kutapika na tumbo kujaa. Haloperidoli na risperidoni hutolewa kwa magonjwa ya akili. Domperidoni inafundisha vizuri: kwa kuwa haipenyi sana kwenye ubongo, huhesabiwa kuwa na madhara machache ya mishipa ya fahamu, lakini pituitari haimo ndani ya kizuizi hicho, kwa hiyo prolaktini hupanda vilevile. Risperidoni inaweza kuipandisha kupita nanogramu 200 kwa mililita, kiwango ambacho pengine kingemfanya mtu afikirie uvimbe mkubwa. Maabara nyingi huweka mpaka wa kawaida karibu na 25 kwa mwanamke asiye mjamzito na karibu na 20 kwa mwanamume.

Mwenye hali hii hahitaji bromokriptini wala kabergolini kwa haraka. Anahitaji mazungumzo kati ya daktari wake wa homoni na yule wa magonjwa ya akili, wakiangalia kama dawa inaweza kusitishwa kwa siku 3 au zaidi na kipimo kirudiwe, au kama aripiprazoli inaweza kushika nafasi yake. Aripiprazoli hukishika kipokezi cha D2 na kukiamsha kwa kiasi, badala ya kukifunga kabisa, kwa hiyo prolaktini hushuka. Kamwe mgonjwa asiache dawa ya akili kwa uamuzi wake mwenyewe kwa sababu ya karatasi ya maabara. Na dawa za kuiga dopamini zikitolewa ovyo kwa mtu mwenye saikosisi zinaweza kumrudishia sauti na hofu alizokwisha kuzisahau.

Sababu nyingine za kuondoa ni chache na ni rahisi kupima: ujauzito, ambao upimwe kwanza kabla ya kitu chochote, thairoidi isiyofanya kazi vizuri, kwa kuwa amri ya kuiamsha huichochea prolaktini pia, na figo zilizochoka. Vilevile kuna watu ambao damu yao ina prolaktini iliyoshikamana na kingamwili. Kipimo huihesabu lakini mwilini haina nguvu, na mtu wa namna hiyo, akiwa hana dalili, hana cha kutibiwa.

Baada ya hayo ndipo wanabaki wale ambao uchaguzi unawahusu kweli. Wengi wao wana prolaktinoma, uvimbe wa seli za prolaktini usio wa saratani, ambao huitwa mdogo ukiwa chini ya milimita 10 na mkubwa ukifika hapo au kuzidi. Mwanamke huja kwa sababu hedhi imekoma, mimba haishiki, au maziwa yanatoka kwenye chuchu ilhali hanyonyeshi. Mwanamume kwa kawaida huchelewa zaidi, kwa kuwa kupungua hamu ya tendo la ndoa ni jambo analolificha, na huenda akafika hospitali siku anapoanza kugonga fremu za milango kwa mabega, uvimbe ukiwa umesukuma makutano ya neva za macho na kumnyima uoni wa pembeni.

Muda: saa chache dhidi ya siku nyingi

Zote mbili zilitokana na kemikali za kuvu inayoshambulia nafaka, na zote hukishika kipokezi cha D2 na kukiamsha. Bromokriptini ilianza kutumika katika miaka ya 1970, na ndiyo iliyowaonyesha madaktari kwamba uvimbe wa ubongoni unaweza kusinyaa kwa vidonge. Kabergolini ilienea katika miaka ya 1990.

Bromokriptini hudumu kwa saa kadhaa. Ili seli za prolaktini zikae zimetulia mchana na usiku, mgonjwa humeza dawa mara mbili au tatu kwa siku, na dozi ya jumla kwa wengi huwa kati ya miligramu 2.5 na 15 kwa siku. Kabergolini huchukua takriban saa 65 kupungua nusu mwilini, na pia hukishikilia kipokezi kwa nguvu zaidi, hivyo kidonge kimoja huendelea kuishusha prolaktini kwa zaidi ya wiki. Humezwa mara moja au mbili kwa wiki, kuanzia miligramu 0.25 au 0.5 kwa wiki, na wengi hutosheka na miligramu 2 au pungufu.

Hebu tutazame maana yake ndani ya nyumba. Mtumiaji wa bromokriptini ana vidonge 14 au 21 vya kukumbuka kila wiki. Akisahau kimoja, breki hulegea siku hiyohiyo. Mtumiaji wa kabergolini ana kidonge kimoja au viwili, tuseme nusu ya kile cha miligramu 0.5 Jumatatu usiku na nusu nyingine Alhamisi usiku. Anayesahau kabergolini kwa siku moja hapotezi kitu. Hatari yake ni tofauti: kwa kuwa haimo katika desturi ya kila siku, wiki nzima inaweza kupita bila mtu kushtuka, na kwa hiyo siku hizo ziandikwe mahali zinapoonekana. Mara nyingi kabergolini huja katika kichupa chenye kikausha unyevu kwenye kifuniko, na kikausha hicho hakitolewi.

Muda mrefu una upande wake wa pili. Dawa isiyopatana na mtu ikiwa ni bromokriptini, akiiacha leo atapata nafuu kesho. Ikiwa ni kabergolini, kizunguzungu au wasiwasi ulioletwa na dozi iliyozidi huchukua siku kadhaa kuisha. Kwa mzee mwenye shinikizo la damu linaloshuka ghafla anaposimama, ningelifikiria jambo hili kwa makini kabla ya kuamua.

Nguvu ya kazi

Hapa ulinganisho hauko sawa kwa sawa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, wanawake 459 waliokosa hedhi kwa sababu ya prolaktini ya juu waligawanywa kati ya dawa hizi mbili. Prolaktini ilirudi kuwa ya kawaida na kutulia kwa asilimia 83 ya waliopewa kabergolini na asilimia 59 ya waliopewa bromokriptini. Yai lilianza kupevuka tena, au mimba ikashika, kwa asilimia 72 upande wa kwanza na asilimia 52 upande wa pili. Walioacha dawa kwa kushindwa kuvumilia madhara walikuwa asilimia 3 kwa kabergolini na asilimia 12 kwa bromokriptini.

Mwongozo wa mwaka 2011 wa chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani uliipa kabergolini nafasi ya kwanza kwa sababu hizo, na kwa sababu husinyaza uvimbe kwa wagonjwa wengi zaidi. Hata anayeshindwa na bromokriptini mara nyingi hufanikiwa akihamishiwa kabergolini. Safari ya kinyume ni nadra kuleta faida.

Hata hivyo asilimia 59 si kushindwa. Mahali ambapo kabergolini haipatikani, au bei yake ni nzito mno kwa mgonjwa kiasi kwamba ataimeza mwezi mmoja na kuikosa miwili, bromokriptini inayomezwa kila siku ni tiba bora kuliko kabergolini inayokatizwa. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimesoma mashauri mengi yanayoishia kwenye sentensi ya "kabergolini ni bora", bila kujali kama msomaji anaweza kuipata.

Kichefuchefu, na kosa moja la kuepuka

Kichefuchefu, kizunguzungu wakati wa kusimama, kichwa kuuma na pua kuziba hutokea kwa dawa zote mbili, zaidi kwa bromokriptini. Chanzo cha kichefuchefu ni kile nilichokitaja: sehemu ya shina la ubongo inayoamuru kutapika nayo iko nje ya kizuizi cha damu na ubongo, na nayo ina vipokezi vya dopamini. Dawa inapotafuta pituitari, hukutana nayo pia.

Dozi ya kwanza ya bromokriptini ndiyo inayowakimbiza watu. Njia inayosaidia ni kuanza na nusu ya kidonge cha miligramu 2.5, yaani miligramu 1.25, usiku, katikati ya chakula na si baada yake, kisha kulala. Ukiamka usiku, keti ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja au mbili kabla ya kusimama. Dozi iongezwe taratibu, kila baada ya siku kadhaa, mwili ukishazoea. Kwa wanawake wengine ambao tumbo limekataa kabisa, daktari huweza kuagiza kidonge kilekile kiwekwe ukeni, na kichefuchefu hupungua.

Kosa la kuepuka ni kutuliza kichefuchefu hicho kwa metoklopramidi. Ni dawa inayoonekana ya kawaida, na mtu asiyejua anaweza kuinunua au kupewa. Lakini inafunga mlango uleule ambao bromokriptini inajaribu kuufungua: kichefuchefu kitatulia, prolaktini itabaki juu, na mwezi ujao karatasi ya maabara itasema dawa haifanyi kazi. Domperidoni nayo huifunga pituitari vivyo hivyo. Mwambie anayekupa dawa ya kutapika kwamba unatumia dawa ya prolaktini, kisha umwache achague nyingine.

Moyo

Kabergolini hugusa pia kipokezi kimoja cha serotonini kilichopo kwenye vali za moyo, yaani milango inayozuia damu kurudi nyuma, kinachoitwa 5-HT2B. Kikiamshwa kwa nguvu na kwa muda mrefu, seli za vali huongezeka, vali hunenepa na kukakamaa, na damu huanza kuvuja kurudi nyuma. Mwaka 2007 tafiti mbili kubwa ziliuonyesha uhusiano huo kwa wagonjwa wa Parkinson waliotumia kabergolini kwa dozi kubwa, hasa za miligramu 3 au zaidi kwa siku. Mgonjwa wa prolaktini kwa kawaida humeza pungufu ya hapo kwa wiki nzima, kwa hiyo hatari yake ni ndogo sana, ingawa si vyema kuipuuza. Kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti kabla ya kuanza, na kurudiwa mara chache wakati wa tiba, ni busara, na kwa anayepita miligramu 2 kwa wiki kirudiwe mara nyingi zaidi.

Bromokriptini haikiamshi kipokezi hicho kwa kiwango kinacholingana na kabergolini. Mtu ambaye tayari ana ugonjwa wa vali ana sababu halisi ya kuichagua bromokriptini, au, ikiwa inapatikana nchini mwake, kwinagolidi, dawa ya kila siku isiyotokana na kuvu ile. Hapa naiona kanuni ya awali ikijirudia: dawa ileile inayoiga dopamini kwenye tezi inasikika kama serotonini kwenye vali.

Anayetafuta mtoto

Swali hili ndilo linalowafikia wengi, kwa sababu prolaktini ya juu huiziba njia ya uzazi kutoka juu: huzituliza neva za haipothalamasi zinazoamuru homoni za uzazi, na ovari hukaa kimya. Dawa ikifanya kazi, yai linaweza kupevuka kabla hedhi ya kwanza haijarudi. Anayetaka mimba afurahi, na asiyeitaka ajikinge tangu wiki ya kwanza ya vidonge, kwa maana wapo waliopata mimba bila kuona hedhi hata moja.

Bromokriptini ina uzoefu mrefu zaidi, wa zaidi ya mimba 6,000 zilizoanza wakati mama akiitumia, bila kuonekana ongezeko la mimba kuharibika au watoto kuzaliwa na kasoro. Kabergolini ina rekodi ya mimba zaidi ya 900, nazo hazikuonyesha tatizo. Kwa desturi zote mbili huachwa mara mimba inapothibitishwa ikiwa uvimbe ni mdogo, na tofauti ya muda hurudi hapa: bromokriptini huondoka mwilini kwa siku moja au mbili, wakati kabergolini huendelea kuwepo kwa wiki kadhaa za mwanzo wa mimba. Kwa hiyo mwanamke ambaye lengo lake la kwanza ni mimba, na ambaye tumbo lake linaivumilia bromokriptini, anachagua vizuri akiichagua. Yule ambaye bromokriptini imemshinda asihisi kwamba anamhatarisha mtoto kwa kuchagua kabergolini.

Mwenye uvimbe mkubwa ni shauri lingine. Homoni ya estrojeni ya ujauzito huzikuza seli za prolaktini, na uvimbe mdogo huvimba hadi kuleta dalili kwa takriban wanawake 2 au 3 katika 100, ilhali mkubwa huwa na uwezekano wa mara kadhaa ya huo. Kwake mpango wa dawa wakati wa ujauzito uwekwe kabla ya kushika mimba, na maumivu makali mapya ya kichwa au macho kufifia ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Tabia na hisia

Dopamini ya pituitari ina ndugu zake ndani ya ubongo, kwenye njia za hamu na thawabu, na dawa zote mbili huingia humo. Watu wachache hubadilika: hucheza kamari wasiyowahi kuicheza, hununua vitu bila kiasi, au hushikwa na hamu ya tendo la ndoa isiyozuilika. Hakuna dawa kati ya hizi iliyo salama kabisa upande huu, kwa hiyo hapa hakuna cha kuchagua. Kilichopo ni kumwambia mwenzi au ndugu mmoja tangu siku ya kwanza, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe huwa wa mwisho kugundua, na aibu humfanya anyamaze. Akieleza mapema, dozi hupunguzwa au dawa hubadilishwa, na kwa kawaida tabia hiyo hutoweka.

Ningechagua vipi

Kwa mwanamume au mwanamke mwenye uvimbe mkubwa unaokandamiza macho, ningechagua kabergolini bila kusita, kwa kuwa inausinyaza uvimbe kwa uhakika zaidi, na macho huweza kuanza kufunguka ndani ya siku chache. Ila huyu aambiwe kwamba maji mepesi kama maji ya kunywa yakianza kumtoka puani baada ya kuanza dawa, uvimbe unaweza kuwa umesinyaa na kuacha tundu kwenye mfupa uliokuwa umeuziba, na arudi upesi.

Kwa mwanamke kijana mwenye uvimbe mdogo, asiyetafuta mimba kwa sasa, kabergolini pia, kama anaweza kuipata mfululizo. Akitafuta mimba, bromokriptini iwe ya kwanza kujaribiwa, kwa subira ya wiki chache na kwa kuanza na nusu kidonge. Kwa mwenye vali mbovu za moyo, bromokriptini. Kwa anayetumia risperidoni au dawa ya namna hiyo, hakuna kati ya hizi mbili mpaka madaktari wake wawili wazungumze. Na kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, mwenye uvimbe mdogo usiokua na asiye na dalili, mara nyingi ufuatiliaji peke yake unatosha.

Ukishaanza, prolaktini hupimwa tena baada ya mwezi hivi, na dozi hurekebishwa kwa majibu hayo. Picha ya tezi hurudiwa baada ya mwaka kwa uvimbe mdogo, na mapema zaidi, kama miezi 3, kwa mkubwa. Ikipita miaka 2 prolaktini ikiwa ya kawaida na uvimbe haupo tena kwenye picha, daktari anaweza kupunguza dawa kidogo kidogo na kuisitisha. Baadhi ya watu hubaki wazima bila kidonge chochote. Wengine prolaktini yao hupanda tena, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo katika mwaka huo damu hupimwa kila baada ya miezi 3, hata kama mgonjwa anajisikia mzima kabisa.